Kandege ndani ya foto: historia ya ugonjwa wa Steele-Richardson

Wengi wetu tunafikiri mzee akianza kutembea mugumu-mugumu, munganga anasema «Parkinson», basi imeisha. Kumbe hapana.

Mu miaka ya 1950, mu muji wa Toronto, kule Canada, munganga J. Clifford Richardson aliona wagonjwa ambao hakuna kitabu kiliwaeleza. Mmoja alikuwa rafiki yake, mtu wa biashara. Wagonjwa hao walianguka kinyumanyuma, shingo imekakamaa, na macho yanashindwa kutazama chini. Hata kushuka ngazi, hata kuona chakula kwenye sahani, ni taabu. Richardson akawatia kazini kijana wake John Steele na Jerzy Olszewski, fundi wa kuchunguza ubongo wa marehemu. Mwaka 1964 wakaandika habari ya wagonjwa tisa, na ugonjwa ukabeba majina yao.

Angalieni neno «marehemu». Uhakika ulipatikana nyuma ya kifo tu. Akiwa hai, mgonjwa aliitwa wa Parkinson, akameza levodopa, na dawa ikamsaidia kidogo ao hapana.

Skaneri ya kwanza ya ubongo, London mwaka 1971, haikuona vizuri sehemu hiyo, maana mifupa ya chini ya fuvu iliharibu picha. Njo IRM ilifungua njia. Ukitazama ubongo kwa upande, katikati kabisa, unaona ubongo wa kati umekonda, lakini sehemu inayofuata chini yake imebaki nene: kichwa na tumbo la kolibri, kale kandege kenye mdomo mrefu. Mwaka 2008 Aldo Quattrone na wenzake wa Catanzaro, Italia, hawakutosheka na kutazama tu; walipima sehemu hizo na kufanya hesabu.

Kuna foto ingine, ya dopamini, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2000. Kwangu mimi inasifiwa kupita kiasi: Parkinson na Steele-Richardson zote mbili zinaifanya ionyeshe upungufu, haizitenganishe.

Na kolibri naye anaweza kuchelewa kuonekana. Kwa hiyo kanuni za mwaka 2017 zinaweka macho na kuanguka mbele, foto inasaidia tu. Dawa ya kusimamisha ugonjwa bado haiko. Lakini jamaa wanaojua jina lake wanainua sahani mbele ya macho ya mzee, wanamulisha polepole asipaliwe, na hawamuachi asimame peke yake.