Wanaume wanne, makasia manne, robo ya sekunde

Leo naweka programu kando kidogo niandike juu ya mbio za makasia. Najua mtauliza mtu wa Machakos ana habari gani na mashua. Mito yetu mingi hapa Ukambani ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na maji mengi yaliyo jirani na mji ni bwawa la Maruba, ambalo sisi hulitazama tukihesabu siku za kiangazi. Michezo ya majini hatuiwazi kabisa.

Ilikuwa Alhamisi, Agosti 2, 2012. Nilikuwa kwa kinyozi mjini, runinga inaonyesha Olimpiki ya London. Riadha ilikuwa ianze kesho yake, kwa hiyo Mkenya hakuwa na haraka ya kutazama chochote. Kinyozi alikuwa ameshashika rimoti ili abadilishe stesheni, mara nikaona bendera ya Afrika Kusini kwenye mashua. Nikamwambia, "Acha kwanza, ndugu yangu." Akaacha.

Nieleze kidogo, maana siku hiyo mimi mwenyewe sikuelewa kitu. Watu wa pwani hutofautisha kafi na kasia: kafi unalishika mikononi bila kulifunga popote, kasia limeegemezwa kwenye chombo. Hapa ni makasia. Wanaume wanne, kila mmoja na kasia moja, hakuna nahodha wa kuwaongoza, mita 2000 za maji yaliyotulia. Wanakaa wakiupa mgongo mwisho wa mbio. Aliye mbele anawaona wapinzani wake wote, na aliye nyuma haoni ila maji aliyokwisha kuyapita. Fikiria kumkimbiza mtu kinyumenyume.

Tena hii ilikuwa mbio ya uzani mwepesi. Hakuna aliyeruhusiwa kuzidi kilo 72.5, na wastani wa wote wanne usizidi kilo 70. Hupimwa kwenye mizani siku yenyewe, saa moja au mbili kabla ya kuanza. Mbio hii iliingia Olimpiki mwaka 1996 huko Atlanta, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba mchezo huu umetawaliwa na majitu ya Ulaya na Amerika, basi nchi zenye watu wembamba nazo zipate mlango. Jambo la kuchekesha ni kwamba mlango ulipofunguliwa Denmark ndio waliojaa ndani: dhahabu 1996, 2004 na 2008. Mmoja wao, Eskild Ebbesen, alikuwemo mara zote hizo, na London alikuwemo tena.

Waafrika Kusini walikuwa James Thompson, Matthew Brittain, John Smith na Sizwe Ndlovu. Ndlovu ndiye aliyekaa mahali pa kuweka mwendo, wengine watatu wakifuata mgongo wake. Denmark waliongoza sehemu kubwa ya mbio, Waingereza wakawafuata huku uwanja mzima wa Eton Dorney ukiwapigia kelele. Mtangazaji alikuwa anazungumza juu ya hao wawili tu. Mita mia chache za mwisho mashua ya tatu ikaanza kusogea, na pale kwa kinyozi mtu aliyekuwa ananyolewa nusu kichwa akasimama. Afrika Kusini dakika 6 na sekunde 2.84. Uingereza 6:03.09. Denmark 6:03.16.

Nilipofika nyumbani nilifungua kompyuta nikapiga hesabu, ndio ugonjwa wetu. Mwendo wao wa wastani ni kama mita 5.5 kwa sekunde. Robo ya sekunde basi ni mita moja na nusu hivi, pungufu kidogo, kama urefu wa meza yangu ya kazi, baada ya kilomita mbili. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya nchi yao katika makasia, na Ndlovu akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuipata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huo.

Kilichonisumbua zaidi ni swali la nani alishinda. Wakenya tunazijua mbio za timu. Munich 1972 Charles Asati, Munyoro Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang walitwaa dhahabu ya mita 400 kwa wanne kupokezana vijiti, kwa 2:59.83. Pale unaweza kumpima kila mtu peke yake: huyu kachukua sekunde ngapi, huyu kapoteza ngapi. Ni programu inayofanya kazi moja baada ya nyingine, ukitaka kujua penye kosa unapima kila hatua. Makasia ni kazi nne kwa pamoja. Anayechelewesha kasia lake kidogo tu anaharibu mvuto wa wenzake wote, na saa ya mwisho haikuambii ni nani. Yeyote aliyewahi kutafuta hitilafu kwenye programu ya namna hiyo saa nane za usiku atanielewa.

Sasa uchungu. Kenya tulikuwa tumeshaweka mguu majini: Matthew Lidaywa Mwange alipiga makasia peke yake Beijing 2008. Lakini ule mlango wa wembamba umefungwa. Mbio ya wanne wepesi ilikimbiwa mara ya mwisho Rio 2016, Uswisi wakashinda, kisha ikatolewa ili wanawake wapate mbio yao ya wanne. Hilo sina ugomvi nalo, walistahili. Baada ya Paris 2024 uzani mwepesi wote ukaondoka Olimpiki. Ukitaka kuingia sasa, shindana na majitu.

Badala yake Los Angeles 2028 wameleta makasia ya baharini. Mpiga makasia anaanza nchi kavu, anakimbia mchangani hadi kwenye mashua, anapiga makasia mita 250 kwenda na 250 kurudi katika mawimbi, anaruka na kukimbia tena hadi mwisho. Nilimwonyesha kinyozi video yake juma lililopita. Akatazama mpaka mwisho, akauliza kama huo mchanga wanauleta kwa lori, kwa sababu sisi tunao wa kuuza.