Kiboko, kobe na kambare: urafiki wa wanyama vitabuni, kutoka India hadi Ziwa Nyasa

Mwanzo wa kisa cha Owen na Mzee, kiboko na kobe wa Kenya, hauhitaji maelezo mengi kwa mtu wa Kyela. Mvua inapiga milimani, mto unafurika, maji yanashuka kwa kishindo na kusomba kila kilichoko njiani. Hapa mito ni Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na yote inaishia Ziwa Nyasa, maji baridi ambamo kiboko anaweza kuishi. Malindi, Desemba 2004, mto ulikuwa Sabaki na mwisho wake ulikuwa bahari ya chumvi. Viboko waliosombwa wakawa wanarandaranda karibu na ufuko huku wenyeji wakijaribu kuwarudisha mtoni. Tarehe 26 ikapiga tsunami. Maji yalipotulia, aliyeonekana ni kiboko mmoja tu, mtoto wa kama mwaka mmoja, amekwama kwenye mwamba, mama hayupo.

Kumtoa haikuwa kazi ndogo. Uzito wake ulikaribia kilo 300, ngozi inateleza, na hasira anazo. Watu walihangaika naye kwa saa nyingi wakitumia nyavu na kamba, mpaka mwanamume mmoja aitwaye Owen Saubion alipomrukia na kumng'ang'ania, wenzake wakapata nafasi ya kumfunga. Ndipo kiboko akapewa jina la Owen. Alisafirishwa hadi Haller Park, Bamburi, nje kidogo ya mji wa Mombasa, na tarehe 27 akafunguliwa kamba. Alienda moja kwa moja kujibanza nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra, dume lililokadiriwa kuwa na miaka 130, ambalo watunzaji walikuwa wakiliita Mzee. Mzee hakufurahia. Alifoka kwa sauti ile ya kobe, akajikokota kwenda pembeni. Kiboko akamfuata. Akasogea tena, akafuatwa tena. Asubuhi ya pili walikutwa wamelala, mmoja ameegemea gamba la mwenzake.

Mahali penyewe pana historia inayofanana na kisa hiki. Haller Park ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, jangwa la mawe meupe lisiloota hata nyasi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizojaribu, tatu tu ndizo zilizosimama, na mvinje ukawa tegemeo. Tatizo likawa majani ya mvinje: yalidondoka na kurundikana bila kuoza. Suluhisho lilikuwa jongoo. Waliletwa wakala majani hayo, kinyesi chao kikawa udongo, udongo ukaotesha msitu, na msitu ukaleta wanyama. Mvinje na jongoo wamestahili kitabu chao muda mrefu, lakini jongoo hana sura ya kuuza vitabu.

Kiboko na kobe walikuwa nayo. Peter Greste, mwandishi wa habari kutoka Australia, aliwapiga picha, na mwanzoni mwa 2005 picha hizo zikazunguka dunia iliyokuwa imechoka kuhesabu maiti wa tsunami. Huko New York msichana wa miaka sita, Isabella Hatkoff, aliiona mojawapo gazetini akamwambia baba yake, Craig, kwamba waandike kitabu. Waliungana na Dkt. Paula Kahumbu, mwanaikolojia wa Kenya aliyekuwa akisimamia hifadhi ile, na mwaka 2006 kampuni ya Scholastic ikakitoa. Picha zilikuwa za Greste, maneno ni machache, na habari yenyewe ni ya kweli. Kitabu kikaingia kwenye orodha ya vitabu vilivyouzwa zaidi Marekani. Mwaka 2007 kikafuata cha pili, kinachoeleza jinsi wawili hao walivyoelewana: kiboko humgusa kobe miguuni, kobe huanza kutembea. Waandishi wengine wa Marekani nao hawakulaza damu. Jeanette Winter na Marion Dane Bauer kila mmoja alitoa kitabu chake cha picha kuhusu kiboko huyohuyo. Mtoto mmoja wa mto Sabaki alilisha wachapaji kadhaa.

Tangu hapo maduka ya vitabu ya Ulaya na Marekani yamejaa jozi za namna hiyo, mbwa na tembo, paka na kunguru, na msomaji anaweza kudhani ni mtindo wa karne hii. Si kweli. Kitabu cha Kalila na Dimna, ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu kwenye karne ya 8 kutoka Kiajemi cha kati, na ambacho chimbuko lake ni Panchatantra ya India, kimejaa urafiki wa aina hii. Mna panya, kunguru, kobe na paa wanaookoana kutoka kwa mwindaji, kila mmoja kwa uwezo wake: panya anakata nyavu, kunguru anapeleleza kutoka juu. Tena kilikuwa kitabu cha picha. Ibn al-Muqaffa mwenyewe anaeleza katika utangulizi kwamba wanyama wamechorwa kwa rangi ili kuwafurahisha wafalme, na nakala zilizochorwa katika karne ya 13 bado zipo hadi leo. Kwa hiyo wasomaji wa mwanzo wa vitabu vya picha vya wanyama marafiki walikuwa watu wazima wenye madaraka, na somo lilikuwa siasa: nani wa kumwamini, na kwa muda gani.

Somo hilo ndilo lililofika pwani yetu. Edward Steere, aliyekuja Zanzibar na misheni ya UMCA mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alikusanya hadithi kutoka midomoni mwa Waunguja na kuzichapa London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo imo hadithi ya kima na papa. Kima anamtupia papa matunda ya mkuyu, wanakuwa marafiki, papa anamwalika nyumbani, na wakiwa katikati ya bahari anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo ameuacha mtini. Wanarudi, kima anapanda juu, na urafiki unaishia hapo.

Katika Panchatantra anayemsaliti kima ni mamba. Katika Kalila na Dimna ya Kiarabu ni kobe. Waswahili wakampa kazi hiyo papa, kwa kuwa ndiye waliyemjua. Angalia basi jinsi kobe alivyosafiri, kutoka msaliti wa Kalila na Dimna hadi babu mpole wa Bamburi.

Hadithi zetu nyingi zimebaki na shaka hiyo. Sungura na fisi wanalima shamba pamoja, wanapika pamoja, na kila msikilizaji anajua kwamba mmoja ataliwa au atatapeliwa. Wanyama hawa ni marafiki kwa sababu usaliti unahitaji mtu wa karibu. Mtoto aliyelelewa na hadithi hizo jioni anapoonyeshwa kitabu cha kiboko na kobe husubiri zamu ya kobe kudanganywa. Haifiki, na nadhani kwake hilo ndilo jambo geni zaidi kitabuni.

Kwa upande huu wa kaskazini ya ziwa kuna ugeni mwingine. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951 kinahusu vijiji vya rika. Wavulana walianza kwa kuchunga ng'ombe pamoja. Wakifika miaka kumi au kumi na mmoja, walitoka nyumbani kwa baba zao wakajenga vibanda vyao kando, wakalala huko na kurudi kwa mama zao kula, wakizunguka kundi zima kutoka jiko moja hadi jingine. Kijiji hicho kilikua nao, wakaoa na kuzaa humo. Ukwangala, yaani ule utamu wa kukaa na wenzako kwa mazungumzo, chakula na pombe, ulikuwa wa watu wa rika moja. Vijiji hivyo vimekwisha kitambo, lakini sheria ya urafiki waliyoiacha ilikuwa wazi: rafiki yako ni mnayelingana. Mtoto wa mwaka mmoja na mzee wa miaka 130 wana nafasi yao pia katika mila, nayo ni ya mjukuu na babu, ya utani na kuegemeana. Ukimweleza mzee wa Ipinda au Matema kisa cha Bamburi kwa namna hiyo, hatakuuliza maswali.

Vitabu vyenyewe vilichelewa kufika kwa watoto wa huku. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian waliingia Unyakyusa mwaka 1891 na walichotanguliza ni dini na kujua kusoma. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923, Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki 1948, Tanzania Publishing House 1966. Yote yalifanya kazi kubwa, ila mtoto mdogo asiyejua kusoma, anayehitaji ukurasa wenye picha kubwa na sentensi mbili, alikuwa mwisho wa foleni. Mabadiliko ya kweli yalikuja 1991 ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Uliwahakikishia wachapaji wa ndani soko kwa kununua sehemu ya nakala zao na kuzigawa shuleni. Ghafla kuchapa kitabu cha picha cha Kiswahili hakukuwa tena kujitia hasara. Mwaka 2014 kipindi cha katuni cha Ubongo Kids kikawaleta wanyama wanaozungumza Kiswahili kwenye televisheni, na mengi ambayo karatasi haikuyaweza, kioo kimeyaweza.

Hata hivyo nina kinyongo na vitabu vya urafiki wa wanyama kwa jinsi vinavyokata mkia wa habari. Mwishoni mwa 2001, katika hifadhi ya Samburu nchini Kenya, simba jike aliyeitwa Kamunyak alimchukua ndama wa choroa akamlinda kama mwanawe. Picha zake zilishangaza dunia. Baada ya wiki mbili hivi simba mwingine alimla ndama huyo. Kamunyak akachukua wengine baadaye, na nao hawakudumu. Julai 2017 huku kwetu, Ndutu katika eneo la Ngorongoro, simba Nosikitok alipigwa picha akimnyonyesha mtoto wa chui. Picha hiyo ilienda mbali kuliko habari yoyote ya kilichompata mtoto yule. Owen mwenyewe alikua, akawa mzito mno kwa kobe, na mwaka 2007 ikabidi watenganishwe taratibu na aletewe kiboko mwenziwe, Cleo. Mtoto anaweza kuambiwa hayo. Waliosimuliwa kima na papa waliambiwa makubwa zaidi.

Sasa tuje ziwani. Katika Ziwa Nyasa kuna kambare mkubwa ambaye ng'ambo ya Malawi huitwa kampango, na anaweza kukaribia urefu wa mita moja. Dume na jike huchimba kiota mchangani na kukilinda pamoja. Jike huwalisha watoto mayai yake yasiyorutubishwa, dume huwaletea wadudu wa sakafuni. Mwaka 1985 mtafiti Kenneth McKaye aliandika jambo aliloliona kwa kupiga mbizi upande wa kusini wa ziwa: katikati ya watoto wa kambare walikuwamo watoto wa samaki wengine, wa jamii moja na perege. Wanakula humo, wanalindwa na kambare, na wakati mwingine wazazi wao nao wako juu wakifukuza maadui.

Samaki mla samaki analea watoto wa samaki anaowala! Ukiishia hapo, una kitabu cha Scholastic. Lakini McKaye hakuishia hapo. Mwaka 1992 yeye na wenzake walionyesha kwamba kambare huwaweka wanawe katikati na kuwasukumia wageni pembezoni, hivi kwamba adui akija huanza na wageni. Wageni wanapata ulinzi kuliko wangekuwa peke yao, kambare anapata ngao. Kila mmoja ana faida, na hakuna anayependwa bure. Kima angemwelewa kambare huyu mara moja.

Hicho ndicho kitabu ninachokitaka. Kina urafiki usiotarajiwa, kina hila, kina ukweli uliopimwa, na kinatokea kwenye maji yanayopiga mchanga wa Matema. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu mita chache kutoka ziwa hilo, wavuvi wa Itungi na Kiwira wanamtoa kambare huyo kwenye nyavu, na watoto wao wanamla kwa wali wa Kyela bila kujua jinsi alivyolelewa. Wachoraji tunao, wachapaji tunao, na kurasa 24 zinatosha. Mwalimu wa Kyela unayesoma hapa, usimsubiri mtoto wa New York aone picha gazetini. Wapeleke wanafunzi wako kwa wavuvi, waulize kuhusu kambare huyu, waandike na wachore walichosikia, kisha mpelekeeni mchapaji.