Kutoka Kilele cha Ben Nevis hadi Geneva: Historia ya Chumba cha Ukungu

Fizikia ya chembe zilizo ndogo kuliko atomu huhesabiwa leo miongoni mwa sayansi zinazotegemea mitambo mikubwa na fedha nyingi, lakini chombo cha kwanza kilichowawezesha wataalamu kuona njia ya chembe moja moja kilikuwa chumba kidogo cha kioo kilichojazwa hewa yenye unyevu, nacho kilibuniwa na mtu ambaye awali alitaka tu kuelewa namna mawingu yanavyofanyika. Vitabu vya fizikia hukitaja chombo hicho, yaani chumba cha ukungu, bila kusema kwamba kilitokana na elimu ya hali ya hewa, na kwa kufanya hivyo huificha nasaba muhimu ya sayansi ya karne ya 20.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, wataalamu wa Ulaya hawakuwa na majina ya mawingu waliyokubaliana. Mnamo Desemba 1802, Luke Howard, mtengenezaji wa dawa wa London, alitoa mhadhara uliochapishwa mwaka uliofuata, ambamo aliyagawa mawingu kwa majina ya Kilatini: sirasi, ambayo ni mawingu membamba ya juu sana, kumulasi, yaliyorundikana, stratasi, yaliyotandazwa kwa tabaka, na nimbasi, yenye mvua. Mfumo huo ulienea haraka, na ndio msingi wa atlasi ya kimataifa ya mawingu iliyotolewa mwaka 1896. Hata hivyo, kuyapa mawingu majina hakukueleza kwa nini mvuke usioonekana hugeuka ghafla kuwa matone yanayoonekana.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Mfaransa Paul-Jean Coulier mwaka 1875, na miaka michache baadaye Mskoti John Aitken, aliyefanya kazi peke yake bila kujua matokeo ya Coulier, alifikia jibu hilohilo na kulisukuma mbali zaidi. Wote wawili walionyesha kwamba hewa iliyochujwa vumbi haitoi ukungu kwa urahisi, kwa kuwa mvuke huhitaji kitu cha kushikia ili uanze kuwa tone. Pasipo kitu hicho, hewa huweza kubeba mvuke mwingi kuliko kiwango chake cha kawaida, hali inayoitwa kujaa kupita kiasi. Aitken alitengeneza kifaa cha kuhesabia chembe za vumbi hewani, akahitimisha kwamba pasingekuwa na vumbi, pasingekuwa na ukungu wala mawingu tunayoyajua. Jina lake halitajwi inavyostahili, ingawa bila kazi yake hatua iliyofuata isingewezekana.

Hatua hiyo ilianzia mlimani. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote nchini Uingereza, wenye kimo cha meta 1,345, ulikuwa na kituo cha hali ya hewa kilichofanya kazi kuanzia mwaka 1883 hadi 1904, na watumishi wake walipima joto, kanieneo na upepo kila saa, usiku na mchana, huku kilele chenyewe kikiwa kimefunikwa na mawingu siku nyingi za mwaka. Mnamo Septemba 1894 alifika huko kwa muda wa wiki mbili Charles Thomson Rees Wilson, mtoto wa mfugaji wa kondoo wa Uskoti aliyesomea Cambridge. Jua lilipoangaza mawingu yaliyotanda chini ya kilele, aliona pete za rangi zikizunguka vivuli vilivyoangukia mawingu hayo, akatamani kuziumba upya katika maabara ili azichunguze kwa utulivu.

Mapema mwaka 1895, katika maabara ya Cavendish mjini Cambridge, Wilson alianza kutumia kanuni iliyokwisha kujulikana: hewa yenye unyevu ikipanuliwa ghafla hupoa, na mvuke uliomo hujaa kupita kiasi. Alirudia upanuzi huo mara nyingi hadi vumbi lote likashuka pamoja na matone, na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo utafiti wa Aitken haukulitarajia. Hata katika hewa isiyo na vumbi, ujazo ulipoongezwa ghafla kufikia mara 1.25 ya ule wa mwanzo, matone machache yalitokea, na ulipofikia takriban mara 1.38, chumba kilijaa ukungu mzito. Matone hayo machache hayakuisha hata baada ya kurudia upanuzi mara nyingi. Kwa hiyo ilionekana kwamba hewani mna kitu kinachozaliwa upya kila mara, kidogo kuliko vumbi, ambacho mvuke hukishikilia.

Ugunduzi wa miale ya eksirei, uliofanywa na Wilhelm Röntgen mwishoni mwa mwaka huohuo, ulileta ufumbuzi. Wilson alipoipitisha miale hiyo katika chumba chake mwanzoni mwa 1896, mahali palipokuwa na matone machache palijaa ukungu mzito. Ilidhihirika kwamba kitu hicho ni ioni, yaani atomu au molekuli iliyopoteza au kupata elektroni na hivyo kubeba chaji ya umeme. J. J. Thomson, mkuu wa maabara hiyo, aliutumia ukungu wa aina hiyo kukadiria chaji ya ioni moja kwa kutazama kasi ya matone yanaposhuka, na njia hiyo ndiyo aliyoiboresha baadaye Mmarekani Robert Millikan kwa kuweka matone ya mafuta mahali pa matone ya maji, ambayo hukauka upesi.

Wilson mwenyewe aliacha mambo ya chumba kwa miaka kadhaa akachunguza umeme wa angahewa. Mwaka 1901 alijiuliza iwapo ioni za hewani husababishwa na mnururisho kutoka nje ya dunia, akapima usiku ndani ya handaki la reli huko Uskoti, na kwa kuwa hakuona upungufu wowote, aliliacha wazo hilo. Lilikuwa wazo sahihi: mwaka 1912 Victor Hess, akiwa ndani ya puto katika kimo cha zaidi ya meta 5,000, alithibitisha kwamba mnururisho huo upo, nao ndio unaoitwa miale ya kosmiki.

Mwaka 1911 Wilson alirudi kwenye chumba chake akiwa na lengo jipya. Alifahamu kwamba chembe yenye chaji inapopita hewani huacha ioni nyuma yake, na kwamba hewa ikipanuliwa papo hapo, kila ioni itakuwa tone, kama ndege ya injini irukayo juu sana inavyoacha mstari mweupe ilhali yenyewe haionekani. Vioo vingi vya chombo hicho alivitengeneza kwa mkono wake, kazi iliyohitaji subira ya miezi, na picha alizochapisha mwaka huo na uliofuata zilionyesha njia za chembe za alfa zikiwa zimenyooka na za elektroni zikiwa zimepindapinda. Kabla ya hapo, atomu na sehemu zake zilikuwa hoja ya mahesabu na ya vipimo vya jumla. Sasa tukio moja, la chembe moja, liliweza kupigwa picha. Kwa kazi hiyo Wilson alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1927.

Mavuno yalifuata. Patrick Blackett alipiga picha zipatazo 23,000, na kati ya njia zaidi ya 400,000 zilizoonekana humo alipata nane tu zilizogawanyika kwa namna iliyoonyesha kiini cha naitrojeni kikigeuka kuwa oksijeni. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1925. Mwaka 1932, huko Pasadena, Carl Anderson aliuweka uga wa sumaku kwenye chumba akaona chembe yenye uzito wa elektroni lakini ikipinda upande wa chaji chanya: ilikuwa positroni, antimata ya kwanza kuonekana na binadamu. Chumba hicho kilibaki chombo kikuu hadi Donald Glaser alipobuni chumba cha mapovu mwaka 1952, kinachotumia kimiminiko kilicho karibu kuchemka.

Picha hizo zilizua pia swali la nadharia. Werner Heisenberg alitatizwa na jinsi elektroni, ambayo nadharia mpya ya kwanta haikuiruhusu kuwa na njia bayana, inavyoacha mstari unaoonekana, na tafakuri hiyo ilimfikisha kwenye kanuni ya kutokuwa na uhakika ya mwaka 1927. Tangu wakati huo elektroni iliyo ndani ya atomu imechorwa kama wingu, yaani eneo lenye uwezekano mkubwa au mdogo wa kuikuta. Wahandisi wa mawasiliano nao walizoea kuchora wingu mahali pa mtandao ambao mambo yake ya ndani hayahitaji kuonyeshwa, na hapo ndipo lilipotoka wingu la kompyuta, yaani uhifadhi na uchakataji wa data katika seva za mbali. Mwaka 2012 kampuni ya Cisco ikaongeza ukungu wa kompyuta, uchakataji unaofanyika karibu na vifaa vyenyewe. Katika matumizi haya ya baadaye wingu husitiri, ilhali katika mikono ya Wilson lilifichua.

Swali la awali la Aitken na Wilson halijafungwa. Tangu mwaka 2009, katika taasisi ya CERN karibu na Geneva, jaribio liitwalo CLOUD limekuwa likipitisha chembe kutoka kwenye kichapuzi ndani ya chumba cha chuma chenye ujazo wa takriban meta za ujazo 26, ili kupima iwapo miale ya kosmiki husaidia mawingu kufanyika. Matokeo yanaonyesha kwamba ioni husaidia kweli kuzaa vijichembe vya kwanza, na kwamba mivuke itokayo kwenye miti huweza kuvizaa hata pasipo asidi ya salfuri, lakini mabadiliko ya kiasi cha miale ya kosmiki ni madogo mno kuweza kueleza ongezeko la joto la dunia la sasa.