Qi si nishati

Wafasiri wengi wa tiba ya jadi ya Kichina huliandika neno qi (tamka "chi") kuwa "nishati". Sikubaliani nao. Nishati ni ya umeme na mafuta. Qi inanukia jikoni. Alama yake ya jadi, 氣, ina sehemu mbili: mvuke juu, mchele chini. Maandishi yaliyorahisishwa ya China ya leo yameuacha mchele, umebaki mvuke mtupu, 气.

Hata nje ya tiba neno hili limeenea. Hali ya hewa ni tianqi, qi ya mbingu. Kukasirika ni shengqi, kuzaa qi. Na ndani ya tiba, mgonjwa anayechoka upesi, sauti ikififia, akihema kwa hatua chache tu, tabibu humwambia qi yake imepungua. Hakuna kipimo cha maabara kinachoionyesha. Ni lugha ya kueleza mwili mzima unavyokwenda.

"Pumzi" yetu inakaribia sana, maana nasi husema mtu ameishiwa pumzi. Lakini pumzi haina chakula ndani yake, na qi inacho. Ndugu wafasiri, liacheni neno hili libaki qi, kisha mlieleze.