Udi wa vijiti katika nyumba ya bara
Udi wa vijiti ni kijiti cha mwanzi kilichopakwa unga wa makaa na wa mbao uliokandwa kwa gundi, kisha kikatiwa manukato. Mwingi hutoka India. Ule wa bei nafuu kwa kawaida hauna udi wenyewe, wa mti wa Aquilaria wa Asia. Una jina tu. Wa waridi, kwa pua yangu, hunukia sabuni.

Mpwani aliyehamia Milimani, Nakuru, huupenda kwa kuwa hauhitaji chetezo wala makaa. Hapo ana haki: makaa katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu, inayoua. Lakini Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na jioni ya baridi madirisha hufungwa. Moshi ambao Lamu ungetokea uani, huku hubaki kwenye mapazia na vifuani.

Basi jaribu nusu ya kijiti, mchana, dirisha wazi. Koo ikiwasha, kizime. Mwenye pumu na mtoto mchanga wasiwepo chumbani. Kisimamishe kwenye kikombe cha mchanga, mbali na pazia.