Jiwe la Njano la Uluguru

Mwaka 1906 mkemia wa Berlin, Willy Marckwald, alichapisha maelezo ya jiwe la njano kutoka Milima ya Uluguru. Lilikuwa bado halijaingia kwenye vitabu, na kwa desturi ya wanasayansi anayelieleza jiwe kwanza ndiye anayelipa jina. Akaliita rutherfordine, kwa heshima ya Ernest Rutherford, mzaliwa wa Nyuzilandi aliyekuwa akifundisha fizikia Montreal, Kanada. Mpaka leo ukifungua orodha ya madini ya dunia, Morogoro imetajwa pale kuwa ndiko jiwe hilo lilikotoka.

Lakini waliopanda Uluguru hawakufuata jiwe la njano. Walifuata ulanga, yale madini yanayong'aa na kubanduka kurasa kurasa kama daftari. Viwanda vya Ulaya viliutaka kwa sababu haupitishi umeme na hauogopi moto. Vibarua Waafrika wakachimba, na kwenye miamba hiyo hiyo ya ulanga yakatoka mawe meusi, mazito kupita kiasi, mengine yamevaa gamba la njano.

Tukae kidogo na ulanga, maana siri ya habari hii yote imo humo. Kila ukurasa wake una chaji hasi ya umeme. Kati ya ukurasa na ukurasa zimelala ayoni za potasiamu, yaani atomi zilizopoteza elektroni moja moja zikabaki na chaji chanya. Hasi na chanya huvutana, ndiyo daftari likashikana. Huo ndio muungo wa ayoni, na ni ule ule unaoifunga chumvi ya jikoni kwako. Tofauti ni kwamba kwenye chumvi kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, pande zote. Ipige nyundo, tabaka zinateleza, hasi inakutana na hasi, zinasukumana, punje inapasuka. Kwenye ulanga potasiamu ni pana na chaji yake ni moja tu, kwa hiyo inashika kwa ulegevu: ncha ya kisu inatosha kubandua ukurasa, na ukurasa wenyewe unabaki mzima. Wazungu walikuwa wananunua ulegevu huo, ukitaka kusema kweli.

Sasa lile jiwe jeusi. Ni oksidi ya urani, na ndani yake kila urani imepoteza elektroni nne. Hewa na maji ya mvua (Uluguru mvua haina mzaha) vikiipata kwa muda mrefu, urani inapoteza elektroni mbili zaidi na kukumbatiwa na oksijeni mbili. Kundi hilo linabaki na chaji chanya mbili. Maji nayo yamebeba kaboneti, kundi lenye chaji hasi mbili. Mbili kwa mbili, hesabu imekwisha, moja kwa moja. Weusi unaondoka, unjano unaingia, na mara nyingine umbo la jiwe la zamani linabaki vile vile, kama nyumba iliyobadilisha wapangaji ukuta mmoja mmoja.

Marckwald alijua jiwe lina nini na kwa kiasi gani. Kwa nini vitu hivyo vimeshikana, hilo mwaka 1906 hakuna aliyeweza kulieleza sawasawa. Na huku nyumbani, vita vya Maji Maji vilivyoanza Umatumbi mwaka 1905 vilikuwa bado havijazimika, na katika milima hiyo hiyo ya Uluguru palikuwa na mzimu wa Kolelo, uliojulikana hadi Uzaramo. Hayo hayakuingia kwenye maelezo ya jiwe, na sioni yangeingiaje. Reli ya Kati yenyewe ilifika Morogoro mwaka 1907.

Mwaka 1911 Rutherford akaonyesha kwamba atomi ina kiini kidogo kizito katikati. Bohr akajenga juu yake mwaka 1913, na mwaka 1916 Mjerumani Walther Kossel akaandika kwamba atomi hupeana elektroni, kisha chaji zinazopingana zinavutana. Kwa maneno mengine, mtu aliyepewa jiwe kwa heshima tu alikuwa mmoja wa waliofungua njia ya kulielewa. Agosti mwaka huo huo wa 1916 majeshi ya Smuts yakaingia Morogoro, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini, wakiacha mji, reli na machimbo.

Simwonei Rutherford wivu. Mwaka 1997 hata elementi ya 104 ilithibitishwa kwa jina lake. Ila Marckwald angeweza kutaja mlima, au mji, kwani madini chungu nzima yanaitwa kwa mahali yalikotoka. Tanzanaiti ilipata bahati hiyo mwaka 1968, na walioipa jina walikuwa wauza vito wa New York.