Taa za Krismasi za London
Taa za Krismasi za London ni mapambo ya umeme yanayotundikwa juu ya barabara za maduka katikati ya jiji hilo la Uingereza, na watu huenda kuyatazama tangu Novemba hadi mwanzoni mwa Januari. Wafanyabiashara wa barabara ya Regent Street walianza kuyatundika mwaka 1954, jiji likiwa bado limefifia baada ya Vita Vikuu vya Pili. Oxford Street ikafuata mwaka 1959. Kutazama ni bure, ingawa wenye maduka hawajawahi kuficha lengo lao la kuvutia wateja. Katika miaka ya 1970 ukata ulizizima taa hizo kwa misimu kadhaa. Wengi humalizia matembezi kwenye uwanja wa Trafalgar Square, penye mti wa Krismasi ambao jiji la Oslo huutuma kila mwaka tangu 1947, kuishukuru Uingereza kwa msaada wake kwa Norwe katika vita hivyo.